Boriti ya Kumi

Msambweni,
18 Septemba 2023

Shikamoo Babu Mwinyihaji,

Hunijui ila kwa jina. Mimi ni Nusra, binti wa marehemu Kheri, mjukuu wa dada yako Mbodze. Anwani yako nimeitoa nyuma ya bahasha ya rambirambi uliyotuletea mwaka 2009 baba alipofariki. Bibi ameihifadhi ndani ya msahafu, na hajui kwamba nakuandikia.

Kazi yangu ni ushonaji, na tangu baba afe naishi na Bibi katika nyumba ya zamani. Dari la chumba chake, ambalo juu yake ni paa tambarare, limenitia hofu. Zamani lilikuwa na mabonde madogo tu. Tangu masika yaliyopita limeshuka, limepasuka mstari mrefu, na mvua ikinyesha maji yanaingia. Fundi wetu, Kaingu, anasema si kitu: atapanda juu ajaze bonde kwa saruji kama inavyofanywa kila mwaka. Anasema boriti zile zimemzika babu yake na zitamzika mjukuu wake.

Mdogo wangu Nadhira anaolewa Ijumaa ya tarehe 24 Novemba, na wanawake watakaa katika chumba hicho, labda sitini kwa pamoja. Nimemwomba Bibi ahamie chumba changu mpaka dari litengenezwe. Amekataa. Mwezi wa tatu alianguka kando ya kisima akaumia bega, hata kuchana nywele hawezi, lakini kumhamisha hakuna anayeweza.

Nimesikia ulikuwa mchoraji wa madaraja. Naomba unieleze kwa lugha ya mtu asiyesoma hesabu: dari linapinda kwa nini, na litasimama mpaka lini?

Mjukuu wako,
Nusra Kheri

*

Tanga,
27 Septemba 2023

Mjukuu wangu Nusra,

Marahaba. Barua yako ililetwa na kondakta wa basi, nami nimeisoma mara tatu kabla ya kula. Samahani kwamba nitakujibu kwa karatasi. Masikio yangu hayasikii tena sauti ya simu, na mwanangu Sufyan akinisomea ujumbe kwa kupiga kelele, mtaa mzima unajua habari zangu.

Nilichora madaraja ya reli kwa miaka thelathini na moja. Nitakueleza kama nilivyoelezwa mimi.

Chukua kandambili kuukuu ya mpira. Ubavuni mwake chora kwa kalamu mistari mifupi iliyosimama, kwa nafasi sawa. Iweke juu ya matofali mawili, kisigino huku na vidole kule, kisha uibonyeze katikati. Utaona mistari inasogeleana kwa juu na kuachana kwa chini. Upande wa juu unabanwa, upande wa chini unavutwa. Boriti hufanya vivyo hivyo, ila kwa kiasi kidogo ambacho jicho halioni. Ikishindwa, huanza kuchanika kwa chini, katikati, mahali inapovutwa zaidi.

Urefu ndio adui. Mti ukiurefusha mara mbili kwa mzigo uleule, kupinda kwake kunakuwa mara nane. Waliojenga nyumba ile hawakuandika hesabu hiyo, lakini waliijua mikononi, ndiyo maana chumba cha Mbodze ni kirefu kama ukumbi na upana wake hauzidi mikono sita. Boriti zinalala kwa upana, moja baada ya nyingine, ishirini kama sijasahau.

Mti pia una tabia ambayo chuma haina. Ukiupa mzigo leo, unapinda leo. Ukiuacha na mzigo uleule, mwakani utakuwa umepinda zaidi kidogo, na mwaka wa pili zaidi, ingawa hakuna aliyeongeza kitu. Sasa fikiria mnachofanya. Boriti inapinda, juu panakuwa na bonde, maji yanatuama. Kabla ya masika mnajaza bonde. Mlichojaza ni kizito, na mmekiweka katikati, mahali pabaya kuliko pote. Boriti inapinda tena, bonde linarudi, mnajaza tena. Kila mnapotengeneza dari, mnalisukuma chini.

Juu ya chokaa ya zamani iliwekwa saruji mwaka 1976. Panda uone, kwenye tundu la ngazi, ni tabaka ngapi. Kisha fanya hivi: chini ya kila boriti vuta uzi kutoka ukuta hadi ukuta, upime kwa futi yako ya kushonea boriti imeshuka kiasi gani katikati. Boriti ya kwanza iwe ile ya mlangoni. Niandikie zote ishirini. Usimruhusu Kaingu kuongeza hata ndoo moja.

Msalimie dada yangu, kama unaona salamu zitapokelewa.

Babu yako,
Mwinyihaji

*

Msambweni,
8 Oktoba 2023

Shikamoo Babu,

Kandambili niliyoichora ilikuwa ya Nadhira. Hajaniwia radhi mpaka leo.

Nimepima kama ulivyosema. Bibi aliponikuta juu ya meza na uzi mdomoni aliniuliza nafanya nini, nikamwambia napima mapazia ya harusi. Akasema hajapata kuona pazia la dari, akaenda zake.

Boriti ya kwanza imeshuka milimita 19. Kisha zinaongezeka taratibu: ya tano 44, ya saba 47. Ya nane 38, ya tisa 21, ya kumi 11, ya kumi na moja 23, ya kumi na mbili 39. Ya kumi na tatu 48, ya kumi na sita 45, ya ishirini 18. Zilizobaki nimeziandika nyuma ya karatasi hii.

Juu, kwenye tundu la ngazi, tabaka zinaonekana kama keki iliyokatwa. Nimehesabu kumi na nne juu ya chokaa, nyingine zimegandamana hazihesabiki. Ukingoni unene ni vidole vinne. Nilitoboa katikati ya bonde kwa patasi, nikapata shibiri nzima, na bado sijafika kwenye chokaa.

Kaingu nilipanda naye. Aliposikia kwamba tabaka la kwanza la saruji ni la mwaka sabini na sita alicheka sana, akauliza ni mpumbavu gani aliyembebesha mzee mgonjwa gunia la mawe. Nikamwambia sijui. Wewe wamjua?

Bibi hajambo. Salamu nilimpa bila kusema zimefikaje. Akauliza kama bado unavaa miwani.

Mjukuu wako,
Nusra

*

Tanga,
17 Oktoba 2023

Mjukuu wangu,

Mwambie Kaingu kwamba mpumbavu anayemtafuta ni mimi.

Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na sita, nimetoka chuo cha ufundi Mombasa, nikiamini kwamba chokaa ni mambo ya kale. Dari lilikuwa linavuja kidogo. Nikamshawishi baba, nikaleta mifuko ya saruji kutoka Ukunda, nikamwaga vidole vinne juu ya nyumba yote. Dada yangu alisimama uani akaniambia mbele ya watu kwamba boriti zitapinda. Nikamjibu kwamba anaijua mikeka, aniachie mimi majengo. Watu walicheka. Hesabu nilikuwa nayo kwenye karatasi na ilikuwa sahihi kwa siku ile. Sikuhesabu miaka, wala sikuhesabu kwamba kila mwaka watu wangejaza bonde.

Januari 1977 nikapata kazi Tanga. Mwezi wa pili mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa. Baba alifariki mwaka 1979 nami niko upande huu. Mpaka ulipofunguliwa nilikuwa na mke, na aibu imeshazoea kukaa. Ni mwendo wa nusu siku kwa basi, Nusra, nami sijausafiri.

Sasa vipimo vyako. Nimevichora, kila boriti na nukta yake. Boriti ishirini za msitu mmoja, urefu mmoja, chini ya mzigo mmoja, zinapaswa kushuka kwa mfanano: kidogo karibu na kuta za mwisho, zaidi kadiri unavyokwenda katikati ya chumba. Ya kumi ingepaswa kushuka milimita hamsini. Imeshuka kumi na moja. Jirani zake nazo zimeinuka pamoja nayo, kama shuka iliyoshikiliwa kwa kidole kutoka chini.

Nilidhani umekosea. Nikatazama tena vipimo vyote ishirini na sikuona kosa. Wewe ni fundi cherehani, milimita thelathini na tisa haziwezi kukupotea. Basi chini ya boriti ya kumi kuna kitu kinachoishikilia, nawe hujaniandikia.

Kitu hicho, chochote kile, kisiguswe. Mzigo hukimbilia palipo pagumu. Kwa miaka mingi saruji ile imejifunza kuegemea boriti ya kumi na kuziacha jirani zipumzike. Ukiondoa kinachoishikilia, mzigo wote huo utashuka kwa pigo moja juu ya mti ambao haujapata kuubeba. Niandikie upesi: ni nini kilichosimama pale?

Mwinyihaji

*

Msambweni,
21 Oktoba 2023

Shikamoo Babu,

Sijapata jibu lako, na simu yangu imetumbukia katika beseni la nguo, iko kwa fundi Ukunda. Naandika ili usidhani nimekusahau.

Tumefanya kama ulivyosema na Kaingu hajajaza. Badala yake amekubali kupaka nyufa chokaa kwa ndani ili chumba kipendeze, na Alhamisi tarehe 26 atakuja kutoa vitu. Kabati litatoka, kitanda cha Bibi kitatoka, na ule mti wake wa chandarua utakatwa. Umesimama katikati ya chumba karibu na kitanda, umevikwa kanga kuukuu kutoka chini mpaka juu, una misumari ya kutundikia buibui na kandili. Sisi watoto tulikuwa tunauzunguka tukicheza. Wanawake sitini hawawezi kukaa na mti katikati.

Bibi tumemwambia jana. Hakusema neno, nasi tukahesabu kwamba amekubali.

Nusra

*

Tanga,
24 Oktoba 2023

Nusra,

Usikate mti wa chandarua. Huo ndio unaoshikilia boriti ya kumi.

Sufyan amekupigia mara sita kwa namba uliyoandika juu ya bahasha, simu haipatikani. Barua yangu ya tarehe 17 inaonekana imekwama njiani. Hii anaipeleka mwenyewe stendi na kumpa kondakta anayemjua. Kama Kaingu ameshafika, mwambie aweke msumeno chini. Kama ameshaanza kukata, watu wote watoke chumbani, dada yangu kwanza.

Mwinyihaji

*

Msambweni,
27 Oktoba 2023

Shikamoo Babu,

Mti upo. Nakuanzia hapo ili usome mengine kwa utulivu.

Jana Kaingu alifika saa mbili asubuhi na msumeno na wenzake wawili. Tulipoingia tulimkuta Bibi amevuta kiti chake, amekaa, mgongo wake umeegemea mti, tasbihi mkononi. Kaingu akamwamkia, akamwambia atundikie chandarua darini kwa ndoano, siku hizi ndivyo watu wanavyofanya. Bibi akamjibu, "Siku hizi ni zako. Zangu ziache." Kaingu akabembeleza kwamba ni kazi ya dakika tano. Bibi akasema, "Basi anza na mgongo wangu, ndio ulio mbele."

Nadhira akalia. Shangazi zetu wakaja mmoja mmoja wakamsihi, wakimwambia anamharibia mtoto harusi kwa ajili ya mti wa kutundikia nguo. Nami nilimsihi, Babu. Nilimwambia umri unamfanya awe mgumu. Hakumweleza mtu yeyote sababu. Alisema tu kwamba mti ni wake, kanga hizo aliuvika kwa mkono wake mwenyewe, na atakayeukata amsubiri afe.

Alikaa hapo mpaka adhuhuri, akaswali akiwa kwenye kiti, akaendelea kukaa. Saa tisa kondakta akaleta barua zako zote mbili kwa pamoja. Ile ya tarehe 17 ilikuwa imelala wiki nzima katika ofisi ya basi Ukunda chini ya mzigo wa ndizi.

Nilizisoma kimya. Kisha nikapanda meza, nikafungua kanga kwa juu. Kichwa cha mti kimekaa chini ya boriti ya kumi barabara, na kati yake na boriti kuna kabari mbili za mti mgumu, zimeng'aa kwa kugongwa. Siku ile ya kupima nilipitisha uzi kando yake na sikuona haja ya kukuandikia, kama ambavyo sikukuandikia kuhusu kabati. Nimekua nikiuona. Sikujua kwamba ni kitu.

Kaingu alipanda akaziangalia kabari, akashuka, akauweka msumeno wake nje ya mlango. Alimwomba Bibi radhi kwa adabu. Bibi akamwambia akapewe chai.

Jioni nilimsomea barua yako ya tarehe 17, yote, hata pale ulipotaja mikeka. Alinitaka nirudie mahali pa aibu. Kisha akasema nichukue kalamu. Karatasi yake naiambatisha hapa. Nimeandika kama alivyosema, sikuongeza wala kupunguza.

Nusra

*

Msambweni,
26 Oktoba 2023

Mwinyihaji,

Mimi sijambo, bega ndilo linaloniuma.

Ulipoondoka, mwezi wa tatu mvua ilianza na boriti zikaanza kulia. Baba alisikia. Akasema aite watu wabomoe dari lote, na akasema kwa huzuni kwamba mwanawe alikosea. Nikamwambia angoje wiki moja. Alipokwenda msikitini Ijumaa nikamtuma mtu anikatie mti, nikausimamisha mwenyewe, nikagonga kabari mpaka boriti ikanyamaza. Nikauvika kanga nikatundika chandarua. Baba alirudi akasikiliza, hakusikia kitu. Akakaa siku nyingi akisikiliza. Akasema, mwanangu alihesabu sawa, ni sisi wenye haraka. Alikufa akisema hivyo.

Ningemwambia nani baada ya hapo? Kheri hakujua. Kila mwaka kabla ya masika naamka alfajiri, nagonga kabari kidogo kwa nyundo, mapigo mawili, matatu. Mwaka huu mkono haukuinuka, ndiyo maana maji yameingia.

Mpaka ulipofungwa nilielewa kwa nini huji. Mwaka themanini na tatu ulifunguliwa, hapo sikuelewa.

Kuhusu mikeka, nimesuka mia na kitu tangu siku ile, na hakuna uliopinda.

Mbodze

*

Tanga,
31 Oktoba 2023

Mjukuu wangu Nusra,

Barua ya dada yangu nimeisoma. Jibu lake nitamletea mwenyewe. Nitakuandikia kazi.

Mti usiguswe. Kaingu alete miti kumi na nane mipya na mbao mbili ndefu. Ubao mmoja apitishe chini ya boriti zote, upande wa kushoto wa mti wa dada yangu, na wa pili upande wa kulia, kila ubao ushikiliwe na miti tisa. Chini ya kila mti aweke kipande cha ubao ili usizame sakafuni. Kabari zigongwe mpaka zishike tu. Asijaribu kunyoosha boriti. Zilichukua miaka arobaini na saba kupinda, zikilazimishwa kunyooka kwa siku moja zitavunjika.

Baada ya hapo ndipo wapande juu kuondoa saruji. Waanze katikati, wabandue kuelekea kutani, ndoo kwa ndoo, na zisirundikwe pembeni mwa dari. Tabaka zote zitoke, na la kwanza, lile langu, zaidi ya yote. Chini watakuta chokaa ya mababu. Ikiwa nzima waiache. Kwa kazi hiyo zihesabu siku kumi. Harusi itakuta dari jepesi, na kwa siku hiyo miti ya Kaingu ibaki, ivikwe vitambaa vya sherehe. Mshonaji mnaye.

Mimi na Sufyan tutapanda basi la Jumatatu asubuhi. Tukivuka mpaka wa Lunga Lunga bila kuchelewa, tutafika kabla ya alasiri. Miwani bado navaa, mwambie.

Kitanda changu nitandikieni chumbani kwake, chini ya boriti ya kumi. Na mwambie asimpe Kaingu ile nyundo, wala asijaribu kuinua mkono. Aiache mahali anapoiweka siku zote, anionyeshe.

Mwinyihaji